Uzoefu wangu na docker logs

Kwa anayeendesha programu ndani ya makontena ya Docker (vifurushi vinavyoitenga kila programu na nyingine), amri ya kwanza kuikimbilia mambo yakiharibika ni `docker logs`. Naitumia kila siku ya kazi na naipenda kwa dhati, kwa sababu haidai chochote: hakuna dashibodi ya kusimika wala akaunti ya kufungua. Unaandika amri na jina la kontena, na yote yaliyotolewa na mchakato wake mkuu yanamwagika mbele yako.

Yanamwagika kweli, na hapo ndipo wengi huikatia tamaa. Dawa ni kupunguza kabla ya kusoma. Kwa kontena liitwalo web, `docker logs --tail 100 -f web` inakupa mistari 100 ya mwisho, kisha inafuatilia mipya inavyoingia. Ninachokithamini zaidi ni `--since`. Mtumiaji akilalamika kwamba malipo yamegoma robo saa iliyopita, naandika `--since 20m`, naongeza `-t` ili kila mstari uje na saa yake, na mara nyingi jibu linaonekana hapohapo. Saa hizo ni za UTC, kwa hiyo piga hesabu kwanza kabla ya kuzilinganisha na saa yako.

Wageni husumbuliwa sana na mikondo miwili, ule wa matokeo (stdout) na ule wa makosa (stderr), ambayo amri hii haiichanganyi. Ukiandika `docker logs web | grep timeout`, grep, amri ya kuchuja mistari, inapokea matokeo tu. Mistari ya makosa inapita pembeni hadi kwenye skrini bila kuchujwa. Andika `docker logs web 2>&1 | grep timeout`, ili mikondo yote miwili ipite kwenye grep. Wapo wanaoiona hii kuwa kero. Mimi naona ni sahihi kabisa, maana siku nikitaka makosa peke yake nayapata.

Kuna nyakati kontena liko hai lakini amri inarudi mikono mitupu. Usiilaumu. Programu inayoandika logi zake (kumbukumbu za matukio) kwenye faili ndani ya kontena haionekani kwa njia hii. Imeji (kiolezo cha kuundia kontena) rasmi ya seva ya wavuti ya nginx imelitatua hilo kwa kuunganisha access.log na /dev/stdout, na error.log na /dev/stderr. Kwa Python, weka `PYTHONUNBUFFERED=1`, la sivyo maandishi ya print hukwama kwenye bafa (hifadhi ya muda) na kuchelewa kutoka.

Udhaifu wake mkubwa uko kwenye uhifadhi. Draiva ya kuanzia ya kuhifadhi logi, json-file, haina kikomo cha ukubwa usipokiweka mwenyewe: faili linakua chini ya /var/lib/docker/containers hadi diski ijae. Kwa maoni yangu mpangilio huo haufai kabisa kwa seva ya kazi. Weka `max-size` na `max-file` ndani ya /etc/docker/daemon.json, au hamia draiva ya local, ambayo yenyewe hutunza mafaili 5 ya MB 20 kwa kila kontena na kuyabana. Kisha washa Docker upya na uyaunde makontena upya pia. Yaliyokuwapo hubaki na mpangilio wa zamani. Na ukilifuta kontena, logi zake zimekwenda nalo, ndiyo maana situmii `--rm`, inayolifuta kontena mara linaposimama, ninapotafuta chanzo cha hitilafu.

Huduma zikiwa kadhaa, `docker compose logs -f api db` inatosha: kila mstari unatanguliwa na jina la huduma.

Ninachokitamani bado ni kitu kama `--previous` ya kubectl, amri ya kusimamia makontena kwenye Kubernetes, inayoleta maneno ya kontena lililokufa pekee. Kwa Docker, kontena likianguka na kuwaka tena, ya kabla na ya baada hufuatana bila mpaka. Kwa sasa nachukua StartedAt, yaani saa kontena lilipowaka mara ya mwisho, kutoka `docker inspect` na kuipa `--until`, inayokomea kwenye saa hiyo. Mistari ya kabla ya anguko inakuja peke yake, ile ya mwisho ikiwa chini kabisa.