Kuchaji gari la haibridi kwa sola Lubumbashi: fundi aliyetaka kuzungumza na mume wangu

Kwa gari lenyewe sina ugomvi. Ni Mitsubishi Outlander, la aina inayotumia petroli pamoja na betri inayochajiwa kwa waya, na lilitufikia kwa njia ile ile inayoleta magari mengi ya Japani hapa Lubumbashi, Kongo: bandari ya Dar es Salaam, Zambia, kisha mpaka wa Kasumbalesa, usukani ukiwa bado kulia katika nchi ambayo pia huendesha kulia. Jua nalo halijatunyima kitu. Kuanzia Mei hadi Septemba mawingu ni machache, na kwa kuwa ninauza samaki wa barafu uani kwangu, gari hushinda nyumbani saa ambazo paneli zinatoa nguvu zote. Bila hilo mpango wote hauna maana. Anayeliacha gari mjini tangu asubuhi atarudi nalo jua likiwa limekwisha, kisha alijaze kwa kuzikausha betri za nyumba. Betri ya matoleo ya kwanza ya gari hili hubeba kilowati-saa 12, na wengi wetu hatuna akiba ya namna hiyo ukutani.

Ninayemlalamikia ni muuzaji wa sola aliyenifungia mitambo. Siku ya kwanza tulipochomeka kebo, taa nyekundu iliwaka kwenye kisanduku cha kebo hiyo na gari halikupokea chochote. Kisanduku hicho, kabla ya kuruhusu umeme upite, hupima kama waya wa ardhi, ule unaoupeleka udongoni umeme uliovuja, upo na umeunganishwa kweli. Inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika nyumbani, ikifanya kazi peke yake bila umeme wa mjini, mara nyingi haina uhusiano wowote na ardhi, kwa hiyo kebo ilikuwa inakataa kwa haki. Nimeendesha mashine za baridi na jenereta kwa miaka mingi, na swali langu lilikuwa moja tu: waya wa ardhi wa nyumba hii uko wapi?

Hakunijibu. Alimtazama msaidizi wake, akatabasamu, akasema: "Mama, mwite Papa aje nimweleze yeye." Nilimwambia kwamba Papa, yaani mume wangu, yuko Kolwezi kikazi, na kwamba fedha alizopokea zilitoka katika samaki wangu. Akaniambia basi gari ni bovu, Wajapani wametuuzia takataka, na kwa vyovyote vile gari lina tangi: "Weka mafuta, Mama, utembee." Kama nilitaka kutembelea mafuta, paneli zote zile nilizinunua za nini?

Nilipozidi kumbana, alitafuta njia ya mkato. Plagi ya Kijapani haiingii katika soketi zetu, na ilikuwa lazima ibadilishwe. Basi aliikata, akafunga nyingine, na ndani yake, bila kuniambia, akauunganisha waya wa ardhi na mmoja wa nyaya mbili za umeme ili kisanduku kidanganyike. Taa ikageuka kijani. Akachukua fedha zilizobaki, akaenda zake, na kwa muda gari lilichaji vizuri hata nikaanza kumsifu kwa majirani.

Kisha mvua zikaanza. Jioni moja umeme wa mjini ulirudi baada ya kukatika mchana kutwa, na inveta, kama ilivyoundwa, ikauruhusu upite moja kwa moja hadi kwenye soketi. Waya ule aliouchagua ndio ukawa wenye moto, na mwili mzima wa gari ukawa na volti 220, umesimama juu ya matairi ya mpira, hauna pa kuutolea. Hakuna swichi iliyoruka, maana hapakuwa na njia ya kwenda ardhini mpaka mimi nilipoushika mlango nikiwa na kandambili zilizolowa. Nilirushwa nyuma na mkono ukafa ganzi hadi usiku. Mtoto wangu wa mwisho hupenda kuegemea gari hilo. Nikifika hapo katika kusimulia, siwezi tena kuandika kwa utulivu.

Aliyelirekebisha ni mzee jirani, mstaafu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Alifungua plagi, akanionyesha kipande cha waya, akatikisa kichwa. Alichimbia fito mbili za shaba karibu na bomba la maji, akazizungushia makaa na chumvi kwa sababu udongo wetu ukikauka wakati wa kiangazi hausafirishi umeme vizuri, akaunganisha inveta na ardhi kwa namna inayojiachia umeme wa mjini unaporudi, akaongeza swichi inayokata umeme ukivuja zaidi ya miliampea 30. Kila jambo alinieleza mimi, "Mama, angalia hapa," na hakuuliza Papa yuko wapi.

Tangu hapo safari zangu za sokoni na za kanisani ni za jua tupu, na injini huamka nikielekea Likasi. Nilikuwa nimekusudia kuandika kwamba nawashauri mlinunue. Lakini nikifikiria kwamba muuzaji yule bado anafunga mitambo katika nyumba za watu, ushauri huo naurudisha: msilinunue, isipokuwa kama mnaye mtu wa kuipima ardhi ya nyumba kwanza, na kama mtaifungua plagi wenyewe kabla ya kulipa. Nilipokwenda dukani kwake kudai fedha za kebo aliyoiharibu, alisema atazirudisha Papa akija na risiti. Risiti ina jina langu.