Uzoefu wangu na gh: kujua nani ananisubiri nimpitie msimbo

Kwenye timu yetu kazi haikwami kwa sababu msimbo ni mgumu. Inakwama kwa sababu mtu amemaliza sehemu yake, ameijaribu, ameomba mwenzake aipitie, na mwenzake huyo hana habari. Mwombaji anaona haya kukumbusha. Siku zinapita, tawi lake, yaani nakala ya msimbo anayofanyia kazi, linazidi kuachwa nyuma na tawi kuu, na likija kuunganishwa linagongana na mabadiliko ya watu wengine. Ndiyo maana naandika kuhusu gh, programu ya GitHub (mtandao wa kuhifadhi msimbo na kuufanyia kazi pamoja) ya kutumia kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri. Naitumia kila siku ya kazi hapa Lubumbashi, na kwa shughuli hii moja, ya kuangalia maombi ya ukaguzi yanayonisubiri, sijapata inayoizidi.

Sisi tunatengeneza programu ya stoo kwa maduka ya dawa. Baadhi yetu tuko huku, wengine Kinshasa, wengine Nairobi. Saa zetu hazilingani: hapa ikiwa saa tatu asubuhi, Kinshasa ni saa mbili na Nairobi ni saa nne. Ninapofungua kompyuta, wa Nairobi wameshakunywa chai na kutuma kazi. Ninapotaka kufunga, wa Kinshasa bado wana saa nzima mbele yao. Tena msimbo umegawanyika kwenye ripo kadhaa, yaani hifadhi za msimbo: ya seva, ya simu, ya ripoti za dawa zinazokaribia kuisha muda. Ombi linaweza kuzuka kokote.

Zamani nilitegemea barua pepe na kivinjari. Barua pepe zinafika, tatizo ni wingi wake. Kila maoni yanaleta barua, kila jaribio lililofeli linaleta barua, na ombi lenyewe linafunikwa chini ya rundo. Kivinjari nacho kinataka intaneti ya nguvu. Wengi wetu hapa tunanunua mega za simu na kuisambazia kompyuta, na mvua za Januari zikishika, ukurasa mmoja unazunguka mpaka mtu anachoka. Terminali inaletewa maandishi matupu. Hata mtandao ukiwa umelegea, jibu linafika.

Programu yenyewe ni ya bure na ni huria, chini ya leseni ya MIT. Imeandikwa kwa lugha ya Go, toleo lake la 1.0 lilitoka Septemba 2020, na inakubali Linux, Windows na macOS. Kuisakinisha hakuna la kusimulia. Kuingia, kuna jambo moja zuri: ukiandika `gh auth login` na kuchagua njia ya kivinjari, inakupa nambari ya siri ya kutumia mara moja, na nambari hiyo unaweza kuiandika kwenye kivinjari cha simu yako, kwenye github.com/login/device. Kompyuta isiyo na kivinjari kabisa, kama seva, inaingia bila shida. Kama kompyuta si yako peke yako, maliza siku kwa `gh auth logout`, maana aliyekaa baada yako atakuwa na ruhusa ulizoipa gh.

Amri ambayo watu wengi hufundishwa kwanza ni hii:

`gh pr status`

Inakuonyesha mafungu matatu: PR (pull request, ombi la kuunganisha mabadiliko kwenye tawi kuu) ya tawi ulilomo, PR ulizofungua mwenyewe, na PR ambazo umeombwa kuzipitia. Chini ya kila moja unaona kama majaribio yamepita na kama bado inahitaji kukaguliwa. Ni nzuri, inasomeka haraka, nami naipenda nikiwa ndani ya kazi. Lakini inaangalia ripo moja tu, ile uliyomo. Mwenye ripo moja imemtosha. Kwa timu yenye ripo nyingi, inaweza kukuambia huna ombi lolote ilhali kwenye ripo ya jirani kuna mtu anakungoja tangu Jumatatu.

Ninayoitegemea hasa ni hii:

`gh search prs --review-requested=@me --state=open`

Hii inatafuta kila mahali unapofikia. Huhitaji hata kuwa ndani ya folda ya mradi. Inakuletea jedwali: ripo, nambari ya PR, kichwa chake, lebo, na lini ilibadilishwa mara ya mwisho. Mimi naongeza mambo mawili. La kwanza ni `--draft=false`, ili rasimu ambazo mwenyewe bado anazichezea zisinijazie orodha. La pili ni `--sort=created --order=asc`, ili ombi la zamani kuliko yote likae juu. Hili la pili nalitilia mkazo. Orodha ikipangwa kwa upya, aliyesubiri sana ndiye anayezidi kushuka chini, na hiyo si haki. Fahamu pia kwamba bila kusema kitu inaleta matokeo 30 tu. Ukipenda zaidi, weka `--limit 100`.

Ili nisiandike mstari mrefu hivyo kila asubuhi, nimeupa jina fupi:

`gh alias set mapitio 'search prs --review-requested=@me --state=open --draft=false --sort=created --order=asc'`

Sasa naandika `gh mapitio`, basi. Naiita asubuhi kabla ya kugusa kazi yangu, na tena baada ya chakula cha mchana, saa ambayo Kinshasa wameshachangamka. Kuna wanaoiweka ijiendeshe kila wanapofungua terminali. Mimi sishauri. Kila dirisha jipya litasubiri mtandao, na siku mtandao umelala utakaa unatazama skrini tupu wakati ulitaka tu kufungua faili. Tena utafutaji wa GitHub una kikomo cha mara 30 kwa dakika kwa aliyeingia, na anayefungua madirisha mengi huku ana skripti nyingine zinazotafuta anaweza kukifikia.

Jedwali hilo halionyeshi jina la mwombaji, na mimi nataka jina. Kujua kuna PR inasubiri ni jambo moja, kujua ni ya nani ni jingine kabisa, kwa sababu mgeni kwenye timu akikaa bila jibu anaanza kudhani kazi yake ni mbaya. Kwa hiyo nina amri ya pili:

`gh search prs --review-requested=@me --state=open --json author,repository,title,url --jq '.[] | "\(.author.login)  \(.repository.name)  \(.title)  \(.url)"'`

Mstari mmoja kwa kila ombi, jina mbele. Huhitaji kusakinisha kando jq, chombo cha kuchambua data ya JSON, imo ndani ya gh.

Kama uko kwenye vikundi vya GitHub, orodha itakuletea pia maombi yaliyotumwa kwa kikundi chako kizima, si kwako tu. Kuna siku hilo linasaidia na kuna siku linasumbua, hasa kwenye kikundi kikubwa ambapo kila mtu anadhani mwingine ataangalia. Ukitaka yale yenye jina lako peke yake, andika `gh search prs "user-review-requested:@me" --state=open`. Mimi naanza na hayo, halafu ya kikundi.

Sasa jambo ambalo natamani kila anayeanza alijue mapema. Ukishatuma mapitio yako, hata kama umeandika maoni tu bila kukubali, GitHub inakutoa kwenye orodha ya wanaosubiriwa. Mwenzako akirekebisha uliyomwambia na kutuma upya bila kukuomba tena rasmi, PR hiyo haitaonekana tena kwenye `gh mapitio`. Orodha itakuwa tupu, nawe utaamini umemaliza. Dawa ziko mbili. Mkaguzi apitishe macho pia kwenye `gh search prs --reviewed-by=@me --state=open`, inayoleta zile alizokwisha kuzigusa na bado ziko wazi. Mwandishi naye, akimaliza kurekebisha, aombe upya: `gh pr edit 48 --add-reviewer` na jina la mkaguzi (48 ni nambari ya PR). Kwenye timu yetu tumekubaliana kwamba asiyeomba upya hajamaliza kurekebisha, na tangu tuweke sheria hiyo manung'uniko yamepungua sana.

Nieleze kazi moja ilivyokwenda, maana kuona orodha ni mwanzo tu. Tuna dada mdogo aliye kwenye mafunzo ya kazi, yuko hapahapa mjini, anasoma na kufanya kazi. Kazi yake ilikuwa kupanga dawa kwa tarehe ya kuisha muda, zinazokaribia ziwe juu. Asubuhi jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha. Kabla sijafika mbali akaniandikia kwenye simu: "Yaya, jambo. Ile kazi ya tarehe, ulishaiona?" Nikamjibu: "Jambo mdogo wangu, iko mbele yangu sasa hivi." Na kweli ilikuwa mbele yangu.

Nikiwa ndani ya folda ya ripo hiyo, nilianza na `gh pr diff 48`, nikasoma mabadiliko palepale kwenye terminali. Yalikuwa safi: majina yanaeleweka, vitendaji vifupi, majaribio yapo. Halafu `gh pr checkout 48`, inayokuletea tawi la mtu kwenye kompyuta yako bila kuhangaika na majina ya matawi. Nikaendesha programu na kuingiza dawa mbili, moja ya 05/11/2026 na nyingine ya 12/03/2026. Ya Novemba ikakaa juu ya ile ya Machi. Tarehe zilikuwa zinalinganishwa kama maandishi, na kwa maandishi 05 inatangulia 12, mwezi hauangaliwi kabisa. Majaribio yake yote yalitumia tarehe za mwezi mmoja, kwa hiyo yalipita. Kwenye duka la dawa kosa hilo lina maana ya boksi linaloharibika nyuma ya rafu huku skrini ikisema bado liko mbali. Nikatuma jibu bila kutoka kwenye terminali:

`gh pr review 48 --request-changes --body "Kazi safi. Tarehe zilinganishwe kama tarehe, si kama maandishi. Jaribu na 05/11/2026 na 12/03/2026, utaona."`

Akarekebisha, akaongeza jaribio la miezi tofauti, akaniomba upya, akatokea tena kwenye orodha mchana uleule. `gh pr checks 48` ikaonyesha kila kitu kimepita, nikamaliza na `gh pr review 48 --approve`. Kazi iliunganishwa kabla umeme haujakatika jioni.

Maoni ya mstari kwa mstari bado nayaandika kwenye kivinjari, kwa sababu `gh pr review` inatuma maoni ya jumla kwa PR nzima. PR kubwa yenye mambo kumi ya kusema, nafungua `gh pr view 48 --web` na kukubali kungoja ukurasa. Hiyo ndiyo sehemu ambayo terminali hainitoshi. Ipo pia amri ya `gh status`, inayokusanya uliyopewa, uliyoombwa kukagua na ulipotajwa kwenye ripo zote. Nimeona inawafaa viongozi wa timu kuliko mkaguzi wa kawaida, kwa vile inasema mengi kwa wakati mmoja.

Timu zinazotumia GitLab, mtandao mwingine wa aina ya GitHub, zina glab, ambako amri inayolingana ni `glab mr list --reviewer=@me`, nayo kwa kawaida inaangalia mradi uliomo, kama `gh pr status`. Kwa walio GitHub, wekeni ile alias (jina fupi la amri) leo, na mwombeni kila mwenzenu aiweke pia.