FamilySearch na sensa ya 1881: ilivyotutoa kwenye "mchimba pamba" wa Oldham

Nyota tano, na nazitoa kwa moyo mmoja. Mi ni mtu wa Tanga, nimeolewa huku kaskazini mwa Uingereza, na hii habari ya kutafuta mababu imeanza kwa sababu ya mtoto. Shuleni waliambiwa walete kazi za mababu zao, upande wangu nikamjibu palepale, babu yangu alikuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge, tena ikabidi nimweleze kwamba manamba ni wale vibarua wa mkataba waliotoka mikoa ya mbali na jina lenyewe limetoka kwenye namba walizopewa. Upande wa baba yake kimya. Mume wangu anachojua ni kwamba walikuwa watu wa Oldham, mji ulio karibu na Manchester, basi.

Sasa tulianzia kwenye saiti moja ya kulipia, jina silitaji, tukalipa mwezi mmoja. Babu wa kale tukampata sensa ya 1881, na kwenye kazi pameandikwa "cotton miner". Yaani mchimba pamba! Jamani pamba inachimbwa wapi? Mume wangu akasema labda alikuwa mchimba makaa halafu mwandishi akachanganya, na Oldham kweli ilikuwa na migodi ya makaa ya mawe, kwa hiyo ikatuingia akilini tukakaa nayo wiki nzima na mtoto alikuwa karibu kuiandika hivyo hivyo kwenye daftari.

Jirani yangu, mama mmoja mtu mzima, ndo akaniambia jaribu FamilySearch. Ni saiti ya kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale wa Utah Marekani, unafungua akaunti kwa imeili na hulipi hata senti, na hakuna mtu anayekusumbua na dini. Sensa ya 1881 ya England na Wales ipo, imenakiliwa na watu wa kujitolea wakishirikiana na vyama vya historia ya familia vya Uingereza, kazi ya miaka mingi ile. Kilichonigusa ni kwamba hupewi mtu mmoja peke yake kama jina kwenye orodha, unapewa nyumba nzima, nani mkubwa wa kaya, nani mke, watoto wana miaka mingapi, kila mmoja amezaliwa wapi na anafanya kazi gani.

Na hapo ndo fumbo lilipofunguka. Babu ni "cotton minder", herufi moja tu imeleta tofauti yote ile. Watoto wawili wa kiume ni "piecer", binti ni "card room hand", na mdogo wao wa miaka kumi kaandikwa "half timer". Sa ukitafuta neno moja moja kwenye kamusi utapotea, mi "card room" nilidhani chumba cha karata! Lakini ukiziweka zote pamoja unaona ni nyumba ya kiwanda cha nyuzi tupu. Card room ni chumba cha kuchambua pamba kwenye mashine zenye meno ya waya. Minder ni fundi anayesimamia mashine ya kusokota inayoitwa "mule", yaani nyumbu, Samuel Crompton wa Bolton ndo aliibuni mwaka 1779, na jina lilitokana na kuchanganya mashine mbili za kabla yake kama nyumbu anavyotokana na punda na farasi. Baadaye ikaja ya kujiendesha yenyewe, ya Richard Roberts wa Manchester, sasa anayeiangalia isikosee ndo minder. Piecer yeye kazi yake ni kuunganisha nyuzi zinazokatika huku mashine inakwenda na kurudi, siku nzima yuko miguuni, tena wengi walikuwa peku kwa sababu sakafu imelowa mafuta. Na half timer ni mtoto anayeshinda nusu siku kiwandani nusu siku shuleni. Miaka kumi! Mwanangu ana tisa. Nilipomsomea hapo alinyamaza kabisa.

Kuna kitu ukijue kabla hujaanza. Nyumbani utaona maandishi yaliyonakiliwa, picha ya ukurasa wenyewe wa 1881 unapelekwa saiti ya kulipia, ila maktaba nyingi za huku zina kompyuta zinazofungua hizo saiti bure, mi nilienda Jumamosi na mtoto. Nendeni mkauone huo ukurasa jamani. Makarani wa London walipokuwa wanahesabu kazi za watu walipiga mistari na alama juu ya maandishi, na kwetu mstari umepita katikati ya "d" ya minder, ndo maana aliyenakili ile saiti nyingine akasoma miner. Halafu teremsha macho kwa majirani. Mtaa wao nyumba sita mfululizo ni minder, piecer, weaver (mfumaji wa kitambaa), hakuna hata mchimba makaa mmoja. Mi sasa naanza na majirani kabla ya kamusi.

Miaka mingine kwa haraka: 1841 ndo ya zamani kwa wengi wenye kutaka majina, na ina vifupisho, "Ag Lab" ni kibarua wa shamba, "F.S." mtumishi wa kike, "F.W.K." ni mfumaji wa soksi kwa mashine ya fremu. Ya 1931 iliungua moto 1942, ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, na mpya kuliko zote zilizofunguliwa ni ya 1921 kwa sababu zinafungwa miaka 100. Kingine, "ostler" ukikutana naye ni saisi tu, mtunza farasi wa nyumba ya wageni, neno letu wenyewe tunalo.

Mtoto kapeleka daftari lake na manamba na minder ukurasa mmoja, na mume wangu jioni ile ndo kaniuliza kwa mara ya kwanza korona, ile ya kuparua majani ya mkonge kutoa nyuzi, ni mashine gani na mkonge unakatwaje, nikakaa nikamweleza mpaka chai ikapoa.

Kuna bibi mmoja wa 1851 bado ananisumbua, kaandikwa "tenter" peke yake. Kamusi inasema ni fremu ya kuanikia kitambaa, lakini kwa majirani alionao naona ni mhudumu wa mashine. Mwenye ndugu wa Oldham wa miaka ile aniambie kwao iliandikwaje.