Laptopu ya kuchukua nafasi ya kompyuta ya mezani: mwongozo kwa mnunuzi wa Mtwara

Kompyuta ya mezani iliyokaa miaka kumi kwenye nyumba ya Mtwara huwa imeshakula chumvi ya bahari ya kutosha. Feni zinanguruma, na lile boksi ambalo sote tunaliita CPU limefunguliwa na mafundi mpaka skrubu zimebaki mbili. Juu ya hapo, Microsoft waliacha kuitolea Windows 10 masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine hazikuzimika siku hiyo, bado zinachapa barua na kufungua mitihani ya zamani ya NECTA, ila wenyewe wameanza kuulizia laptopu. Wengi huulizia msimu wa korosho, malipo ya mnada yakishaingia. Wauzaji nao wanajua kwamba yameingia.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kwa nyumba nyingi za huku kusini, inayofaa zaidi ni laptopu iliyotumika ofisini ughaibuni, yenye prosesa (ubongo wa mashine) ya Intel ya kizazi cha 8 au baada ya hapo, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8 kwenda juu na diski ya SSD, ile ya kasi isiyo na sahani inayozunguka. Ile mpya inayong'aa kwenye kabati la kioo kwa bei hiyohiyo, mwachie mwingine.

Sababu ni kazi yenyewe. Laptopu ya mwanafunzi wa chuo cha STEMMUCO inapanda bajaji kila siku, kwa hiyo wepesi na wembamba ni hoja kwake. Yako itakaa mezani: asubuhi mama anajaza hesabu za kikoba, jioni watoto wanagombania, mwisho wa wiki kuna mtu anachapa karatasi za AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Mashine ya namna hiyo inahitaji matundu ya USB ya kutosha kwa printa, kipanya na flashi. Inahitaji tundu la HDMI la kupeleka picha nje ili monita ya zamani isitupwe. Inahitaji kifuniko kinachofunguka kwa bisibisi ya kawaida, RAM na diski zibadilishwe hapahapa mjini. Na betri yake ndiyo UPS yako, kwa sababu umeme ukikatika unamaliza sentensi, unahifadhi kazi, unazima kwa amani.

Luku nayo ina neno lake. Boksi na monita kwa pamoja hufika wati 100 bila shida. Laptopu ninazozisema huja na chaja ya wati 45 au 65, na hicho ni kiwango cha juu kabisa cha chaja, mara nyingi mashine inakula chini ya hapo. Mwenye sola na inveta ndogo anaweza kuiendesha hata siku ambayo mtaa mzima uko gizani.

Nafasi ya kwanza: za ofisi, zilizotumika

Majina ya kushika ni matatu: Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 5490. Zote zilitoka 2018, zote zina kioo cha inchi 14, nafasi mbili za RAM, HDMI na tundu la waya wa mtandao. Bei zake mara nyingi huwa kati ya laki tano na laki nane, kutegemea hali ya mashine, ukubwa wa RAM na jinsi unavyojua kupatana.

Ningekuwa nanunua ya nyumbani leo, ningeanza na T480, na sababu kubwa ni betri. Ina mbili: ndogo ya ndani ya Wh 24 (wati-saa, kipimo cha ujazo wa betri), na nyingine inayochomoka kwa nyuma, ambayo huwa ya Wh 24, 48 au 72. Unaweza kuichomoa hii ya nyuma na kupachika nyingine mashine ikiwa inafanya kazi, kwa sababu ile ya ndani inashikilia. Betri ya nje ikichoka hakuna haja ya kumtafuta fundi. Kibodi yake nayo ina njia za kupitishia maji kwa chini, jambo la maana kwenye nyumba yenye watoto na vikombe vya chai, ingawa sikushauri ulifanyie majaribio.

T480 ina mambo mawili ya kuangalia. Nyingi ziliagizwa na ofisi zikiwa na kioo cha bei ya chini chenye nukta (pikseli) 1366 kwa 768. Kimefifia, na ukikitazama kwa pembeni rangi zinageuka. Tafuta yenye 1920 kwa 1080. Ukiwa na nia ya kutumia monita ya zamani muda wote, hilo lisikusumbue, na utapatana bei. La pili ni tundu la USB-C, lile dogo ambalo ndilo linalopokea chaji. Mashine za ThinkPad za miaka ile zilikuwa na kasoro ya programu ndogo inayoendesha tundu hilo, na Lenovo wakatoa sasisho la kuirekebisha. Ambayo haikusasishwa huweza kuanza kukataa chaji. Chomeka chaja, tikisa kidogo, angalia kama chaji inaingia bila kukatika. Jaribu matundu yote mawili ya USB-C.

EliteBook 840 G5 ni nzuri zaidi kwa sura, mwili wa alumini, na kioo chake kwa kawaida ni bora. Ina matundu mawili tu ya USB ya kawaida, hivyo weka bajeti ya kigawanyio cha USB. Baadhi zina kioo cha kuficha siri kinachoitwa Sure View, kilichobuniwa ili jirani yako ndani ya ndege asisome barua zako. Nyumbani hicho ni kero: watoto watatu wakitaka kutazama katuni, aliyekaa katikati ndiye anayeona vizuri. Simama pembeni ya mashine kabla ya kuilipia.

Latitude 5490 haina mbwembwe. Ina tundu la VGA, kwa hiyo monita ya zamani ya waya wa bluu inaingia moja kwa moja bila kununua kibadilishio. Mtu wa mahesabu mengi anayependa vitufe vya namba upande wa kulia wa kibodi atazame Latitude 5500 au HP ProBook 450 G5, ambazo ni za inchi 15.6.

Sasa mtego. Mashine hizi za 2018 zilitengenezwa pia zikiwa na prosesa za kizazi cha 7, na kizazi cha 7 karibu chote hakimo kwenye orodha ya prosesa ambazo Microsoft wanazikubali kwa Windows 11, iliyorithi Windows 10. Jina la T480 au 840 G5 peke yake halitoshi. Soma namba ya prosesa kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya kuhusu mfumo. Ukiona i5-8250U au i5-8350U, ile 8 ya mwanzo ndiyo kizazi. i5-7300U ni cha 7. i5-10310U ni cha 10, na i5-1135G7 ni cha 11. Wala usidanganyike na i7: i7 ya kizazi cha 6 yenye herufi U mwishoni mwa namba inashindwa kwa mbali na i5 ya U ya kizazi cha 8, maana i5 za U za kizazi cha 8 zilipanda kutoka kori (viini vya kuchakata) mbili hadi nne.

Muuzaji atakuonyesha mashine ya kizazi cha 6 ikiwa na Windows 11 inayotembea vizuri kabisa. Si uongo, mafundi wanajua kuruka ukaguzi wakati wa kupiga Windows. Lakini Microsoft hawaahidi masasisho kwa mashine ya namna hiyo, na wewe unanunua ili ukae nayo miaka.

Ukaguzi wa dukani

Hapa usione haya. Mwambie muuzaji, "Kaka, naomba niikague taratibu," na ukae chini. Anayekuharakisha amekupa taarifa.

Anza na betri. Fungua Command Prompt (dirisha la Windows la kuandikia amri), andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Itakuambia ripoti imehifadhiwa wapi. Ifungue utafute namba mbili: DESIGN CAPACITY, yaani ujazo wa betri ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, ujazo wake wa leo. Ya pili ikiwa chini ya asilimia 60 ya ya kwanza, omba betri nyingine au punguzo la kuinunulia.

Kisha zima na uwashe ukiingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayotangulia Windows: F1 kwa Lenovo, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Ikiomba neno la siri ambalo muuzaji halijui, irudishe kwenye kabati. Laptopu za ofisi pia huweza kuwa bado zimesajiliwa kwa mwajiri wa zamani. Njia ya kujua ni kumwomba fundi apige Windows upya mbele yako huku intaneti ikiwa imeunganishwa. Likitokea jina la kampuni ya ughaibuni likitaka barua pepe ya mfanyakazi, mashine hiyo ina mwenyewe, hata kama muuzaji hakujua.

Mengine ni ya haraka. Bonyeza kila kitufe, na angalia mpangilio wa herufi, kwa sababu kuna kibodi za Kijerumani ambazo Z na Y zimebadilishana nafasi. Fungua na kufunga kifuniko usikilize bawaba. Chomeka flashi kwenye kila tundu. Tazama ndani ya matundu kwa tochi ya simu: kutu ya kijani ni dalili kwamba mashine imeshaishi pwani au imemwagikiwa. Dai risiti ya EFD yenye namba ya mashine, na waranti iandikwe, hata kama ni ya mwezi mmoja.

Kununua Kariakoo na kutumiwa kwa basi kuna unafuu wa bei, lakini ni kilomita zaidi ya 500, na mashine ikirudi kwa matengenezo unalipa nauli yake mara mbili. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokata barabara upande wa Kilwa, kila kilichotegemea basi kilisubiri. Tofauti ikiwa ndogo, nunua Mtwara au Lindi, kwa mtu unayeweza kumfuata dukani.

Nafasi ya pili: mpya, lakini si yoyote

Laptopu mpya yenye Core i3 au Ryzen 3 ya karibuni, RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256 ni chaguo la heshima. Betri ni mpya na waranti ni ya kweli. Inashuka nafasi ya pili kwa sababu ni ghali zaidi, plastiki yake ni nyepesi, na mara nyingi RAM yote au nusu yake imechomelewa kwenye bodi. Uliza swali moja: ina nafasi ya kuongeza RAM? Uliza pia waranti inashughulikiwa wapi. Jibu likiwa Dar, rudi kwenye hesabu ya basi.

Nafasi ya tatu: MacBook Air M1

Ni mashine ya ajabu kwa betri na utulivu, haina hata feni ya kuvuta vumbi. Lakini RAM na diski haviongezeki kabisa, matundu ni mawili ya USB-C, na si kila fundi wa hapa ataigusa. Inamfaa anayehariri picha au video. Usichanganye na MacBook Air ya 2017, ambayo mfumo wake uliishia toleo la zamani la macOS, Monterey.

Za mwisho

Mashine za kizazi cha 6 na 7 ni rahisi kweli. Kama nyumbani kuna kijana anayejua Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, zinaweza kutumika miaka kadhaa bila kinyongo. Chromebook, laptopu za mfumo wa Google, zina tarehe ya mwisho ya masasisho, itazame kwenye mipangilio, na hazipokei programu za Windows, hivyo printa ya zamani na programu ya hesabu uliyoizoea vinaweza kugoma.

Mkiani kabisa naweka laptopu mpya ya Celeron, prosesa dhaifu ya Intel, yenye RAM ya GB 4 na hifadhi ya eMMC (ya polepole kuliko SSD) ya GB 64. Namba hizo mbili ndizo kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakubali, maana yake mashine imeshajaa kabla hujaandika neno. Sasisho kubwa likija, nafasi hakuna. Hii ndiyo inayouzwa sana kwa wazazi, kwa sababu ni mpya, ina boksi, na ina rangi nzuri.

Na kama kompyuta haitaondoka mezani hata siku moja, fikiria boksi dogo la ofisi kama Dell OptiPlex Micro au Lenovo ThinkCentre Tiny la kizazi cha 8, pamoja na UPS. Monita, kibodi na kipanya unavyo tayari.

Ikishafika nyumbani

Laptopu inayokaa kwenye chaja mchana na usiku, kwenye joto la Mtwara, huvimbisha betri. Weka kikomo cha chaji karibu asilimia 80: ThinkPad kupitia Lenovo Vantage, Dell na HP kwenye mipangilio ya betri ndani ya BIOS. Usiiweke chini ya dirisha linalopokea upepo wa baharini, na isipotumika ifunike kwa kitambaa kikavu.

Boksi la zamani usiliuze likiwa na diski yake. Mwombe fundi aichomoe aitie kwenye kasha la USB. Diski ya kompyuta ya mezani ni ya inchi 3.5, inahitaji kasha lenye chaja yake yenyewe, kwani kasha dogo la diski za laptopu halitaiwasha. Hamisha picha na nyaraka kwenda kwenye laptopu, kisha diski hiyo iweke kabatini mahali pakavu, iwe nakala ya pili.