Sola ya Shilingi 4,430,000 Mwanga, Kigoma: Hesabu ya Miezi Kumi na Miwili

Kila mwezi, ninaponunua umeme wa luku kwa mara ya kwanza, shilingi 1,500 za kodi ya jengo hukatwa kabla sijapata hata uniti moja, na paneli nne zilizo juu ya bati langu hazina la kufanya kuhusu kodi hiyo. Naanza na jambo hili dogo kwa sababu muuzaji wa kwanza niliyemwendea hapa Kigoma mjini aliniahidi kwamba nikifunga sola "nitaisahau luku". Sijaisahau. Mtambo ulifungwa mwishoni mwa Machi 2024 katika nyumba yetu ya Mwanga, nikaandika hesabu zake kwenye daftari kuanzia Aprili 2024 hadi Machi 2025, na ninayoyaeleza hapa ni tathmini ya mtambo wenyewe na ya duka lililoufunga. Duka sitalitaja jina, kwa kuwa si yote nitakayoyasema ni sifa.

Tuko watu sita, wenye taa, televisheni, jokofu moja na friza mbili za mke wangu, ambaye huuza samaki wa barafu na maji baridi. Kabla ya sola tulitumia wastani wa uniti 170 kwa mwezi katika kundi la bei la TANESCO liitwalo T1, ambalo bei yake ni shilingi 292 kwa uniti. Ukijumlisha VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, uniti moja inafika shilingi 356. Juu ya hapo palikuwa na jenereta dogo la petroli, ambalo tuliliwasha kila umeme ulipokatika friza zikiwa zimejaa, maana migebuka iliyoanza kulainika hairudishiwi thamani yake hata ikiganda tena. Jenereta hilo lilikunywa lita 12 kwa mwezi, kwa shilingi 3,200 niliyokuwa nikilipa kwa lita. Jenereta la ukubwa huo, likiwa halijabebeshwa mzigo kamili, hutoa uniti mbili hivi kwa kila lita, kwa hiyo uniti moja ya petroli ilikuwa ikinigharimu shilingi 1,600 bila kuhesabu oili wala plagi. Naomba msomaji azishike bei hizi mbili, 356 na 1,600, kwa sababu wauzaji wote watatu niliowaendea walizungumza juu ya "kuokoa gharama za umeme" pasipo hata mmoja kuuliza ni umeme upi.

Au niseme alikuwepo mmoja aliyekaribia kuuliza, na ndiye niliyempa kazi. Fundi wa duka hilo alikuja nyumbani na kipimo cha kubana waya, akapima friza moja baada ya nyingine, kisha akaniomba nimsomee kwenye simu ujumbe wa manunuzi ya luku ya miezi sita. Wengine wawili walinipa bei kwa kuuliza idadi ya vyumba. Mmoja wao alitaka kunifungia inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika nyumbani) ya wati 1,000, akihesabu kwamba friza mbili na jokofu havifiki wati 500 vikiwa vinafanya kazi. Hesabu ni sahihi, lakini mota ya friza inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaoutumia ikishatulia, na umeme ukirejea baada ya kukatika friza zote huanza pamoja. Inverta ya wati 1,000 ingezimika hapo hapo, nami ningerudi kwenye jenereta.

Gharama nilizolipa ni hizi. Paneli nne za wati 550 zilikuwa shilingi 250,000 kila moja, inverta ya kilowati 3 inayopokea jua na gridi kwa pamoja ilikuwa 950,000, betri ya lithiamu ya volti 24 na saa-ampea 100 (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi) ilikuwa 1,750,000, fremu pamoja na nyaya, breka na nondo ya ethi (ya kupeleka umeme wa hitilafu na radi ardhini) vilikuwa 480,000, na ufundi ulikuwa 250,000. Jumla ni shilingi 4,430,000.

Betri ndiyo iliyonisumbua zaidi kichwani, kwa sababu duka jingine lilikuwa na betri mbili za jeli za saa-ampea 200 kwa shilingi 1,240,000, yaani pungufu kwa zaidi ya nusu milioni, na kwa macho zilionekana kubwa mara mbili. Ukubwa huo unadanganya. Betri ya jeli haipendi kushushwa chini ya nusu, na ukiishusha kila siku kufikia hapo huhimili mizunguko ya kuchaji na kutumia ipatayo elfu moja, ambayo ni miaka mitatu hivi, na pengine pungufu yake ikiwekwa katika chumba chenye joto kama stoo yetu iliyo chini ya bati. Ya lithiamu hushushwa hadi asilimia 20 na kuhimili mizunguko elfu tatu na zaidi. Kwa muda ambao betri yangu moja inatarajiwa kuishi ningenunua seti tatu za jeli kwa shilingi 3,720,000, ukiacha nauli na usumbufu. Kwa hiyo mtu anayefananisha bei za betri kwa kutazama risiti pekee, bila kugawanya kwa miaka, atapotea.

Kuhusu ufungaji wenyewe nina maoni yanayopingana. Fremu ni imara, na waliacha nafasi ya upana wa kiganja kati ya paneli na bati ili hewa ipite, jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza, ilhali paneli hupoteza karibu theluthi ya asilimia moja ya nguvu yake kwa kila nyuzi moja ya joto inayozidi 25. Hata hivyo paneli za wati 2,200 sijawahi kuziona zikitoa 2,200. Kiwango cha juu nilichokisoma kwenye kioo cha inverta ni 1,780, saa sita na nusu mchana, mwezi wa Septemba, siku moja baada ya kuzifuta kwa kitambaa chenye maji. Kiangazi cha hapa huja na vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa vilimani, na wiki tatu bila kufuta zinatosha kukupunguzia mamia ya wati. Hili la kufuta duka halikuniambia.

Waya wa ethi nao haukuwepo siku ya makabidhiano, ingawa niliulipia. Fundi mdogo aliyeachwa kumalizia kazi alisema ungeletwa "wiki ijayo", na wiki hiyo ilikuja baada ya mimi kwenda dukani mara mbili na risiti mkononi. Kwa mji wenye radi kama zetu za msimu wa mvua, mtambo wa milioni nne usio na ethi ni mchezo wa bahati nasibu, na kwa kosa hili peke yake nimelipunguzia duka nyota nzima.

Kisha kuna mwembe. Bati letu lina mteremko wa mashariki na wa magharibi, wakafunga paneli mbili kila upande, uamuzi ambao ni wa busara kwa friza zinazofanya kazi tangu asubuhi hadi jioni. Kosa ni kwamba walikuja kupima saa nne asubuhi, na upande wa magharibi kuna tawi la mwembe wa bibi jirani ambalo kivuli chake hufika kwenye bati saa tisa na nusu alasiri. Mara ya kwanza nilidhani inverta imeharibika. Nilisimama mbele yake nikiona wati 900, na baada ya dakika chache nikaona 480, bila wingu lolote angani. Nilipopanda ngazi nikakuta kivuli chembamba, si kipana kuliko kanga iliyokunjwa, kimelala juu ya paneli moja ya upande huo. Paneli zikiungwa kwa mfuatano, moja iliyozibwa huivuta chini na mwenzake, ndiyo maana kivuli cha robo paneli kilikuwa kikiua karibu upande mzima. Nilikwenda kwa bibi na maombi. Alinisikiliza, akatazama juu mtini, akasema, "Subiri maembe yaishe, mwanangu, ndipo ukate tawi lako." Tulisubiri hadi Februari. Fundi aliyekuja alasiri badala ya asubuhi angeniepusha na miezi kumi ya kivuli.

Jambo ambalo hakuna muuzaji angeweza kuniambia, na ambalo mimi mwenyewe nilipaswa kulifikiria, ni kufungwa kwa ziwa. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisimamishwa ili samaki wapate kuzaliana, na miezi hiyo ndiyo miezi ya jua kali lisilo na mawingu. Mwalo wa Kibirizi ulipotulia, friza moja ilizimwa kabisa na ya pili ikabaki na maji. Mtambo wangu haupeleki umeme kwenye gridi, kwa hiyo betri ikishajaa saa tano asubuhi paneli hukaa zikilitazama jua bure. Katika miezi hiyo mitatu sola ilinipunguzia wastani wa uniti 90 tu kwa mwezi, wakati miezi tisa iliyobaki, pamoja na ile ya mvua, wastani ulikuwa 123. Biashara ya samaki na msimu wa jua havikukutana, na yeyote wa mwambao huu anayenunua sola kwa ajili ya friza aliweke hilo katika hesabu kabla ya kununua paneli ya nne. Mimi leo ningenunua tatu.

Kwa mwaka mzima, basi, nimepunguza uniti 115 kwa mwezi. Kwa bei ya shilingi 356 hizo ni shilingi 40,940, na kwa kasi hiyo shilingi 4,430,000 zingerudi baada ya miezi 108, ambayo ni miaka tisa. Nikitenganisha zaidi, uniti 75 kati ya hizo zilitoka kwenye paneli moja kwa moja mchana, na 40 pekee zilipitia kwenye betri, kwa sababu nimeipanga inverta isiishushe betri chini ya asilimia 40 ili ibaki akiba ya kukatika kwa umeme. Uniti 40 ni shilingi 14,240 kwa mwezi, nayo betri ya shilingi 1,750,000 ingehitaji zaidi ya miaka kumi kujilipa kwa njia hiyo, umri ambao huenda isiufikie. Kwa upande wa luku, betri ni hasara au inakaribia kuwa hasara.

Faida ya betri iko kwenye petroli. Kati ya lita 12 za kila mwezi nimepunguza 10, yaani shilingi 32,000, na nikiziongeza kwenye zile 40,940 napata 72,940, na mtambo wote unajilipa kwa miaka mitano na mwezi mmoja hivi. Lita mbili zilizobaki ni za siku za mvua ya mfululizo, ambapo umeme hukatika betri ikiwa haijajaa. Thamani ya usiku mmoja friza zikiendelea kunguruma wakati mtaa mzima uko gizani sikuiweka katika daftari, ingawa mke wangu anasema ndiyo ilipaswa kuandikwa kwanza.

Kwa hiyo mtambo naupa nyota nne. Duka lenyewe linapata tatu: limepoteza moja kwa ajili ya ethi, na nyingine kwa ajili ya kivuli na waranti kwa pamoja, kwa sababu kadi ya waranti ya betri inasema miaka mitano kwa herufi kubwa, na kwa herufi ndogo inamtaka mteja aisafirishe hadi Dar es Salaam kwa gharama zake. Betri ina uzito wa kilo ishirini na kitu. Yeyote atakayenunua asome kadi hiyo kabla ya kulipa, adai risiti ya EFD yenye namba ya betri, na amwambie fundi aje kupima saa kumi jioni.

Mwezi uliopita alinijia jirani mwingine, mwenye familia ya watu watatu, akiwa na karatasi ya makadirio kutoka duka lile lile na jumla inayolingana na yangu. Nilimwomba anionyeshe luku yake. Yuko kundi la D1, ambalo uniti 75 za kwanza huuzwa shilingi 100, na pamoja na kodi na tozo hufika 122. Hutumia uniti 60, yaani shilingi 7,320 kwa mwezi. Hana friza wala jenereta. Tulipogawanya pamoja kwenye daftari langu, shilingi milioni nne na zaidi zilihitaji miaka hamsini kurudi, hata kama sola ingemfutia kila uniti, na paneli zenyewe zimedhaminiwa miaka 25. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza ni nini hasa kinachomuudhi umeme ukikatika, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikijua. Tukakubaliana kuwa ni giza la watoto wanapofanya kazi za shule. Alinunua balbu tatu za kuchaji, shilingi 8,000 kila moja.