Mitumba ya Karume au gauni la fundi?

Mama anayeshinda nyumbani na mtoto huwa na fungu dogo tu linalobaki kwenye hela ya matumizi, na mwili ambao nguo za zamani haziukai tena. Kwa Dar es Salaam, njia za kawaida za kupata nguo ni mbili.

Mitumba ya Karume, Ilala, ndiyo rahisi, hasa usipogombania balo linapofunguliwa: nguo za kwanza kuchaguliwa ndizo ghali, zinazobaki hushuka bei. Kinachochosha ni kupekua na mtoto mgongoni. Tena unajaribu juu ya nguo ulizovaa, kwa hiyo kiuno ni cha kubahatisha.

Fundi ni ghali zaidi: kitambaa, bitana, zipu, ufundi. Lakini anakupima ulivyo leo, si ulivyokuwa kabla ya kujifungua, na mimi hilo nalithamini kuliko bei. Kitenge cha yadi 6 hutoa gauni, na mara nyingi kikabaki kipande cha kumshonea mtoto. Kiloweke na ukianike kabla ya kukipeleka, maana pamba husinyaa. Mwambie fundi aache akiba ya kitambaa kwenye mishono ya ubavuni, ili mwili ukibadilika aachie au abane. Kama unanyonyesha, omba zipu au vifungo mbele. Bila hivyo gauni litaishia kabatini.

Blauzi na sketi za kushindia ndani nanunua mtumba bila kusita. Ila mwenye hela ya nguo moja tu mwaka huu, ningempeleka kwa fundi.