Microsoft Intune: usambazaji ni mzuri, ila sahihi inabaki kuwa kazi yako

Msimamizi wa mifumo anayetaka programu moja ifike katika kompyuta zote za kampuni ana maswali mawili ambayo mara nyingi huchanganywa kana kwamba ni moja. La kwanza ni kama programu itafika na kusakinishwa bila mtumiaji kuombwa nenosiri la msimamizi. La pili ni kama kompyuta itakuwa na sababu yoyote ya kuiamini itakapofika. Microsoft Intune, huduma ya kusimamia kompyuta za kampuni kupitia intaneti iliyozinduliwa mwaka 2011 kwa jina la Windows Intune na kupewa jina lake la sasa mwaka 2014, hulijibu swali la kwanza kwa ustadi unaostahili sifa. La pili hulijibu nusu tu, na nusu iliyobaki humwangukia msimamizi, awe anajua au hajui.

Kwa programu nyingi za Windows, njia ninayoipendekeza ni ile inayoitwa Win32. Folda yenye kisakinishi hufungashwa kwa zana ya Microsoft iitwayo Win32 Content Prep Tool, na kinachotoka ni faili moja ya aina ya .intunewin, iliyobanwa na kusimbwa. Faili hiyo hupakiwa kwenye Intune pamoja na amri ya kusakinisha, amri ya kuondoa, masharti ya kompyuta inayofaa na kanuni ya kutambua kama programu tayari ipo. Kwenye kompyuta yenyewe, programu ndogo ya wakala iitwayo Intune Management Extension huipakua, huifungua na kuiendesha kwa mamlaka ya mfumo, huku mtumiaji akiendelea na kazi zake. Programu inaweza kupangwa iwe ya lazima, iwe ya hiari kupitia Company Portal (programu ambamo mtumiaji hujichagulia), au iwe ya kuondolewa. Upakuaji hupitia Delivery Optimization, huduma ya Windows ya kugawana faili, kwa hiyo kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja zinaweza kupeana vipande vya faili badala ya kila moja kuvivuta upya kutoka intaneti, jambo ambalo kwa ofisi yenye intaneti finyu ni nafuu kubwa. Hata misimbo ya matokeo inaheshimiwa inavyopaswa: 0 ni mafanikio, 3010 ni mafanikio yanayosubiri kompyuta iwashwe upya, na 1618, inayomaanisha kuwa kuna usakinishaji mwingine unaoendelea, huifanya Intune ijaribu tena.

Hapa ndipo napenda msomaji asimame kidogo. Usimbaji wa faili ya .intunewin hulinda mzigo ukiwa njiani, lakini hausemi lolote kuhusu aliyekitengeneza kisakinishi kilichomo ndani. Ukiweka kisakinishi kisicho na sahihi yoyote ya kidijitali, yaani alama inayothibitisha mtengenezaji wake, Intune itakifungasha, itakisafirisha na kukiendesha kwa mamlaka ya juu kabisa ya kompyuta, bila kuuliza. Huo si udhaifu uliofichwa, kwa kuwa ndivyo huduma ilivyoundwa: kilichoidhinishwa na msimamizi huchukuliwa kuwa kimekaguliwa. Kwa hiyo ukaguzi lazima ufanyike kabla ya kupakia, na ufanyike na mtu mwenye jina na wajibu.

Sahihi zenyewe zimekuwa kazi nzito zaidi kuliko zamani, na kwa sababu nzuri. Tangu tarehe 1 Juni 2023, ufunguo wa siri wa cheti cha kutia sahihi, yaani hati ya kidijitali inayomtambulisha mtengenezaji, kinachotolewa na mamlaka ya vyeti inayoaminika hadharani lazima uhifadhiwe ndani ya kifaa maalumu cha usalama, wala hauruhusiwi kukaa kama faili ya kawaida kwenye diski ya mtengenezaji. Kuanzia Machi 2026, muda wa juu wa cheti kipya umeshushwa kutoka miezi 39 hadi siku 460. Maana yake kwa msimamizi ni kwamba vyeti vitabadilika mara nyingi zaidi, na programu iliyotiwa sahihi bila muhuri wa muda itapoteza uhalali siku ile cheti chake kinapokwisha. Muhuri wa muda huthibitisha kwamba sahihi iliwekwa wakati cheti kilipokuwa hai, na kwa hiyo sahihi hubaki halali hata baada ya cheti kuisha. Programu yoyote ya ndani ya kampuni inayoletwa kwangu bila muhuri huo hurudi kwa walioiandika, hata kama inafanya kazi vizuri siku hiyo.

Sehemu ya Intune inayoamua mafanikio au maumivu ni kanuni ya utambuzi, na ningependa wasimamizi waipe muda mwingi kuliko kitu kingine chochote kwenye ukurasa ule. Intune hutoa njia tatu za kujaza fomu, yaani msimbo wa bidhaa ya MSI (aina ya kisakinishi cha Windows), faili au folda, na thamani ya rejista ya Windows. Njia ya nne ni skripti ya PowerShell, lugha ya amri ya Windows. Msimbo wa bidhaa huonekana kuwa rahisi, lakini hubadilika programu inapopanda toleo kubwa. Programu inayojisasisha yenyewe ikibadilisha msimbo huo, Intune huiona kuwa haipo na kujaribu kurudisha toleo la zamani juu ya jipya. Kanuni ya faili yenye sharti la toleo fulani au zaidi huepusha hilo.

Kwa programu nyeti, hata hivyo, skripti ndiyo njia ninayoitetea. Amri ya Get-AuthenticodeSignature huisoma sahihi ya faili iliyosakinishwa na kurudisha hali yake. Hali ikiwa ni Valid na jina lililo kwenye cheti likiwa la mtengenezaji tunayemtarajia, skripti huandika neno lolote kwenye tokeo lake na kumaliza kwa msimbo 0, na Intune huhesabu kwamba programu ipo. Vyote viwili vinahitajika, kwani skripti inayomaliza kwa 0 pasipo kuandika chochote huhesabiwa kuwa haikuona kitu. Ni vyema pia kulinganisha jina la mwenye cheti badala ya alama ya kidole ya cheti (namba ya kipekee ya cheti hicho), maana alama hiyo hubadilika cheti kinapotolewa upya, na kompyuta zote zingeonekana ghafla kuwa hazina programu. Inanisikitisha kwamba ukurasa huohuo una kisanduku cha kulazimisha skripti ya utambuzi iwe na sahihi inayoaminika, ilhali hauna kisanduku cha kulazimisha jambo hilohilo kwa kisakinishi.

Kampuni inayotia sahihi programu zake kwa cheti cha ndani ina jambo la ziada la kupanga. Cheti cha mzizi, yaani kile kinachofanya vyeti vya kampuni viaminike, lazima kifike kwenye kompyuta kabla ya programu, na vitu hivi viwili husafiri njia tofauti: cheti hupitia sera za usimamizi wa kifaa, programu ya Win32 hupitia wakala. Hakuna uhakika wa kipi kitatangulia. Dawa yake ni kuweka sharti la skripti linalokagua kama cheti kimeshawekwa, ili kompyuta isiyo nacho ihesabiwe kuwa bado haifai, badala ya kuingia kwenye orodha ya zilizoshindwa. Vifurushi vya MSIX, aina mpya zaidi ya vifurushi vya programu za Windows, ni vikali zaidi kwa asili yake: pasipo sahihi inayoaminika havisakinishwi kwa njia ya kawaida, na jina la mchapishaji ndani ya kifurushi lazima lilingane na jina lililo kwenye cheti. Ukali huo naupenda, na kwa programu mpya zinazoandikwa ndani ya kampuni ningeanzia hapo.

Nusu ya pili ya jibu ipo, lakini lazima iwashwe. Ni App Control for Business, sera ya Windows inayosimamiwa pia kupitia Intune, ambayo huamua ni programu gani inaruhusiwa kuendeshwa, iwe imeletwa na nani. Kanuni zake zinaweza kutegemea mchapishaji aliye kwenye sahihi, alama ya hashi ya faili (namba inayokokotolewa kutoka yaliyomo), au mahali faili ilipo. Kanuni ya hashi huvunjika kwa kila sasisho. Ya mahali hutegemea nani ana ruhusa ya kuandika kwenye folda hiyo. Ya mchapishaji hudumu, na ndiyo inayoifanya sahihi iwe na kazi. Kuna pia chaguo la kuifanya Intune kuwa msakinishaji anayeaminika, yaani kila kinachowekwa na wakala wake kinapata alama ya kuruhusiwa. Ni rahisi na inavutia, ila hurudisha imani yote kwa anayepakia, na programu inayojisasisha yenyewe inaweza kuleta faili mpya zisizo na alama hiyo. Mimi huitumia kwa programu chache za zamani zisizo na sahihi, ambazo kampuni haiwezi kuziacha.

Sera hii ianze kwenye hali ya ukaguzi bila kuzuia. Kumbukumbu ya CodeIntegrity kwenye Windows huandika tukio 3076 kwa kila faili ambayo ingezuiwa, na 3077 pale inapozuiwa kweli. Kuzisoma hizo 3076 kwa subira, idara kwa idara, ndiko kunakomwonyesha msimamizi programu ambazo hakujua zinatumika.

Isisahaulike kwamba sahihi huthibitisha chimbuko la programu, haithibitishi wema wake. Sasisho la Orion, programu ya kusimamia mitandao ya kampuni ya SolarWinds, lililogunduliwa Desemba 2020 kuwa na msimbo wa kijasusi lilikuwa na sahihi halali ya kampuni yenyewe. Ndiyo maana napendekeza sasisho liende kwanza kwa kikundi kidogo cha kompyuta, kisha makundi makubwa, na Intune hurahisisha mpango huo kwa kugawa programu kwa vikundi.

Kuna mambo mawili yatakayomchosha mtu mwenye haraka. Usakinishaji wa lazima ukishindwa mara tatu, wakala husubiri takriban saa 24 kabla ya kurudia, na majibu ya kweli hupatikana kwenye faili za kumbukumbu zilizo C:\ProgramData\Microsoft\IntuneManagementExtension\Logs kuliko kwenye ujumbe mfupi wa tovuti. Pia, katika kuandaa kompyuta mpya kwa Autopilot, njia ya Microsoft ya kuzisanidi bila mkono wa msimamizi, Microsoft yenyewe inashauri programu za Win32 zisichanganywe na zile za MSI zilizopakiwa kama programu za kibiashara za ndani, kwa sababu zinaweza kugongana zikisakinishwa kwa wakati mmoja. Kwa kuwa MSI nayo inaweza kufungashwa ndani ya .intunewin, sioni sababu ya kampuni kuendelea kutumia njia ile nyingine.